Mwongozo Kamili wa Kutazama Filamu za Rock and Roll za Zamani Nyumbani: Umbo, Kasi na Sauti

Diski imefika kutoka kwa ndugu aliyeko London au Houston. Unaitia kwenye deki, kisha moja kati ya haya linatokea. Deki inaitema. Picha inakuja bila rangi huku ikipanda juu kama pazia. Elvis ametanuka kama pipa. Au kila kitu kinaonekana shwari, lakini ukishika gitaa uufuatishe wimbo, gitaa na filamu haviafikiani hata uukaze vipi waya.

Hilo la mwisho ndilo linalowapita wengi, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kimeharibika.

Mwongozo huu ni wa filamu za muziki za Marekani na Uingereza zilizotoka kati ya miaka ya katikati ya 1950 na ya katikati ya 1960: Rock Around the Clock (1956), The Girl Can't Help It (1956), Jailhouse Rock (1957), King Creole (1958), A Hard Day's Night (1964) na za rika lao. Filamu ya vita ikikimbia kwa asilimia 4, nani atajali? Filamu ya muziki ikikimbia hivyo, wimbo umehamishwa kii, yaani noti zake zote zimepanda. Fuata hatua kwa mpangilio. Anayekimbilia kurekebisha sauti kabla ya kujua diski yake ni ya mfumo gani huishia kuharibu kilichokuwa kizima.

## Vitu vya kuwa navyo

- Deki ya DVD au Blu-ray yenye tundu la HDMI. Ile yenye nyaya tatu tu za AV (njano, nyeupe, nyekundu) itafanya kazi, ila baadhi ya hatua hazitakuhusu.
- Kebo ya HDMI ya mita 1.5 au 2. Ya bei ya kawaida inatosha. Hiyo ya bei ya mbuzi, yenye ncha za dhahabu, haitaiongezea chochote filamu ya 1957.
- Rimoti ya deki na rimoti halisi ya TV, zote mbili. Rimoti za kuokoteza mara nyingi hazina kitufe cha umbo la picha, na kitufe hicho ndicho tutakachokihitaji zaidi.
- Futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye rekodi ya wimbo mmoja ulioimbwa ndani ya filamu unayoitazama.
- Kompyuta yenye VLC (programu ya kuchezea video) na kisomeo cha DVD. Hii ni kwa mwenye DVD ya PAL peke yake, mfumo utakaoukuta katika Hatua ya 1.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani.

Angalizo la umeme. Kama deki yenyewe imetoka Marekani, igeuze usome kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 100-240V, haina shida. Ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza papo hapo. Hapo unahitaji transfoma ya kushusha volti. Adapta ya kubadili umbo la plagi haishushi kitu.

## Hatua ya 1: Soma kava kabla ya kulipa

Tafuta vitu vitatu nyuma ya kava: aina ya diski, namba ya kanda (eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kufunguka), na mfumo wa picha.

Kwa DVD, kanda huandikwa kwa namba ndani ya alama ya dunia. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya Magharibi, Japani, Afrika Kusini na Mashariki ya Kati, Oman ikiwemo, ni 2. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Filamu hizi utazikuta karibu zote zikiwa za kanda ya 1 au ya 2, kwa hiyo deki ya hapa ambayo haijafunguliwa kanda (Hatua ya 4) itazikataa.

Kwa Blu-ray, kanda ni herufi. Amerika na Japani ni A. Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia ni B. India, Urusi na China ni C. Maana yake ni nzuri kwetu: Blu-ray iliyonunuliwa Uingereza inasoma kwenye deki iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam bila kuguswa. Diski za 4K hazina kanda kabisa.

Mfumo ni jambo jingine. DVD ya Marekani ni NTSC, ya Uingereza ni PAL. Wengi huona neno "Region 0" au "All" wakadhani wamemaliza, kumbe kanda haisemi lolote kuhusu mfumo. Diski inaweza kufunguka kila mahali na bado ikawa PAL yenye muziki unaokimbia.

Ukiwa na uchaguzi, ununue kwa mpangilio huu. Kwanza Blu-ray ya kanda B, kwa sababu inafunguka hapa na filamu karibu daima inabaki na kasi yake. Pili DVD ya NTSC, kwa deki iliyofunguliwa. DVD ya PAL iwe ya mwisho, hata kama ndiyo inayoonekana kutufaa kwa kuwa nchi zetu zilikuwa za PAL. Kwa filamu za muziki, mazoea hayo yanatuponza.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumjibu aliye dukani kwa sentensi moja, kama "nitafutie Blu-ray ya kanda B" au "DVD ya NTSC, kanda 1".

## Hatua ya 2: Hakikisha filamu ni nzima

Angalia dakika zilizoandikwa kwenye kava. Filamu ilipigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na DVD ya PAL huiendesha kwa 25. Kwa hiyo urefu wa PAL ni urefu wa sinema mara 0.96:

- Rock Around the Clock: dakika 77; kwenye PAL ni 73 na sekunde 55
- A Hard Day's Night: dakika 87, kwenye PAL ni 83 na sekunde 31
- Jailhouse Rock: dakika 96, kwenye PAL ni 92 na sekunde 10
- King Creole: dakika 116, kwenye PAL ni 111 na sekunde 22

Pengo linalolingana na hesabu hii si ukataji. Pengo kubwa kuliko hapo ni ukataji, na katika filamu za muziki kinachokatwa kwanza mara nyingi ni wimbo, kwa sababu ya haki za nyimbo. The T.A.M.I. Show (1964), lile onyesho la Santa Monica lenye James Brown na Rolling Stones, lilizunguka kwa miaka mingi bila sehemu ya Beach Boys. DVD ya Shout! Factory ya 2010 ndiyo iliyoirudisha. Basi kabla ya kununua, linganisha orodha ya wasanii kwenye kava na orodha ya wasanii wa filamu yenyewe.

Kava ikisema "Full Screen" kwa filamu ya CinemaScope (mfumo wa picha pana sana), iache dukani. Upana wa mara 2.35 ya kimo ukilazimishwa kuingia kwenye mara 1.33, asilimia 43 ya picha inatupwa. Onyesho la wimbo mkuu wa Jailhouse Rock limepangwa kwenye vyumba vya jela vya ghorofa mbili, wachezaji wametapakaa toka ukingo hadi ukingo. Katika nakala iliyokatwa utaona Elvis na mabega ya watu.

Kuna nyingine ya kuangalia kwa makini: Rock, Rock, Rock! (1956), ile yenye Chuck Berry na Frankie Lymon. Marekani imekuwa mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuichapa na kuiuza. Ndiyo maana nakala zake ni nyingi, bei ni ya karanga, na nyingi zimetolewa kwenye kopi zilizochakaa. Humo bei haikuelekezi; tafuta inayosema imesafishwa upya kutoka filamu ya milimita 35.

Na ile diski ya mtaani yenye filamu kumi? Piga hesabu. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Filamu moja ya dakika 96 humo inapata takriban megabiti 6.5 kwa sekunde. Zikiwa kumi, kila moja inapata kama 0.65. Picha ya nyeusi na nyeupe yenye moshi wa klabu na taa za jukwaa itageuka vigae.

## Hatua ya 3: Unganisha na upange deki

Chomeka HDMI, kisha ingia kwenye menyu ya deki diski ikiwa nje. Weka haya:

1. TV System au TV Type: chagua Auto au Multi. Usiweke PAL kwa nguvu. Ukiweka PAL na diski ni ya NTSC, deki italazimika kuibadilisha, na picha itakwama-kwama kila kamera inapozunguka.
2. TV Shape au Aspect: 16:9. Hata kama filamu ni ya mraba (ile ya 1.33), weka 16:9. Hapa unaieleza deki umbo la TV yako.
3. 24p Output (kwa Blu-ray): washa. Fremu 24 zitafika kwenye TV zikiwa 24.

Mwenye TV ya kichogo isiyojua NTSC ana njia moja: aweke deki kwenye PAL na avumilie mikwamo. Kuna afueni ndani yake. Deki inapogeuza NTSC kuwa PAL haigusi kasi ya muziki. Kinachoharibika ni mwendo wa picha, wimbo unabaki palepale.

Umefaulu ikiwa: menyu ya diski inaonekana yenye rangi, imetulia, na haijapungukiwa herufi pembezoni.

## Hatua ya 4: Fungua kanda ya deki

Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu tayari zimefunguliwa. Jaribu diski kwanza, usitafute dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Ikikataa, tazama namba ya modeli nyuma ya deki na utafute kwa namba hiyo namna ya kufungua kanda. Kwa kawaida unafungua sahani ya diski, unaingia Setup, unabonyeza tarakimu fulani, na ukurasa uliofichwa unatokea. Humo 0 au 9 humaanisha kanda zote. Modeli mbili za chapa moja zinaweza kuwa na tarakimu tofauti, kwa hiyo usiazime za jirani.

Baadhi ya diski za Marekani hukagua kama deki imefunguliwa kwa 0, zikaikataa kwa ujumbe kwenye skrini. Rudi kwenye ukurasa uleule, weka 1 badala ya 0. Itakubali.

Maonyo mawili. Kufungua DVD hakufungui Blu-ray. Kanda za Blu-ray mara nyingi zinahitaji deki iliyobadilishwa ndani kwa vifaa, na tarakimu za rimoti hazitoshi. Pili, kisomeo cha DVD cha kompyuta kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu. Baada ya hapo kinajifunga kwenye kanda ya mwisho moja kwa moja. Ukiulizwa na kompyuta kama unataka kubadili, jibu ukijua hesabu yako imefika ngapi.

## Hatua ya 5: Rudisha umbo la picha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa hiari yao, kwa kuwa hawapendi kuona weusi kwenye skrini waliyoilipia. Mapindo meusi ni sehemu ya picha sahihi, kama pindo lilivyo sehemu ya kanga. Ukiyaondoa umeondoa kitu kingine pamoja nayo.

Chukua rimoti ya TV. Kitufe huitwa P.Size, Aspect au Picture Size. Chagua 16:9, kisha washa chaguo la kutokata kingo. Samsung huliita Screen Fit au Fit to Screen, LG huliita Just Scan, Sony huliita Full Pixel. Bila hilo, TV huikuza picha kidogo na kukata kila upande.

Sasa futi ya cherehani. TV ya inchi 43 ina skrini ya takriban sentimita 95 kwa 53.5. Unapaswa kupata:

- Filamu ya 1.33: picha ina upana wa sm 71, mapindo ya sm 12 kushoto na kulia.
- Filamu ya 1.85: pindo la kama sm 1 tu juu na chini.
- Filamu ya 2.35 (CinemaScope): picha ina kimo cha sm 40.5, mapindo ya sm 6.5 juu na chini.

Kwa TV ya ukubwa mwingine, gawa upana wa skrini kwa 2.35 au 1.85 upate kimo cha picha. Kwa 1.33, zidisha kimo cha skrini kwa 1.33 upate upana.

Kipimo kizuri kuliko vyote kimo ndani ya filamu. The Girl Can't Help It inaanza na mwigizaji Tom Ewell amesimama katika fremu finyu, nyeusi na nyeupe. Anazungumza nasi, anazisukuma kingo, fremu inatanuka hadi upana wa CinemaScope, kisha rangi inaingia. Mwanzoni unatakiwa kuona weusi pande zote nne za picha. Baada ya kusukuma, picha iguse kingo za kushoto na kulia, weusi ubaki juu na chini. Kama fremu ya kwanza tayari imejaa skrini nzima, TV yako inavuta au inakuza, na kichekesho cha mwongozaji Frank Tashlin kimekufa kabla hakijaanza.

Kwa filamu nyingine tumia ngoma. Ngoma kubwa ya mguu ikitazamana na kamera uso kwa uso lazima iwe duara. Simamisha picha, pima upana na kimo chake. Tofauti ikizidi nusu sentimita kwa kila sm 10, kuna kosa:

- Ngoma imelala kama yai, watu wanene: TV inavuta picha ya mraba ijaze upana. Au deki imewekwa 4:3 na TV inavuta matokeo yake. Anza na deki.
- Ngoma imesimama kama yai, watu wembamba warefu: deki iko 16:9 lakini TV imewekwa 4:3.
- Ngoma ni duara lakini picha ni ndogo, weusi pande zote nne filamu nzima: DVD ya zamani ambayo haikuandaliwa kwa TV pana. Hapa, na hapa tu, tumia Zoom ya TV. Utapoteza ukali kidogo.

Jambo moja la kutokushtua. Sinema za Marekani zilikuwa zimehamia picha pana kufikia katikati ya miaka ya 1950, lakini nakala nyingi za kaseti na DVD za mwanzo zilionyesha filamu hizo kwa mraba, bila kuziba juu na chini palipokusudiwa kuzibwa. Ukiona maikrofoni ikining'inia juu ya kichwa cha mwimbaji, usimlaumu mpiga picha. Unaona eneo ambalo sinema ililifunika.

## Hatua ya 6: Rudisha kasi na kii

Fremu 24 zikiendeshwa kwa 25, muziki unakwenda asilimia 4.17 haraka zaidi, na kila noti inapanda kwa takriban 0.7 ya nusu toni. Noti ya La (A) ya 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inakuwa 458 Hz. Ndiyo maana gitaa lako halipatani nayo popote: haijafika nusu toni kamili, kwa hiyo hata ukihama kii bado hukai.

NTSC haina ugonjwa huu. Hurudia sehemu za fremu ili kufikia kasi yake, na filamu inabaki na mwendo wake kasoro sehemu moja kwa elfu, kiasi ambacho sikio halikioni.

Kupima. Fungua mwanzo wa A Hard Day's Night. Filamu inaanza moja kwa moja na ile kodi moja ya gitaa (chord, noti kadhaa zikipigwa pamoja), kisha wimbo. Cheza rekodi yenyewe kwenye simu mara tu baadaye. Zikilingana, endelea na Hatua ya 7. Ya filamu ikiwa juu kidogo, kama mtu aliyevutwa sikio, ni PAL iliyokimbia. Kwa filamu nyingine tumia wimbo wowote ulioigizwa juu ya rekodi ya santuri. Programu ya kutunia gitaa kwenye simu itakuonyesha tofauti ya senti 70 hivi (senti 100 ni nusu toni).

Kipimo cha pili ni saa. Ukilinganisha urefu na orodha ya Hatua ya 2, utajua bila kutumia sikio.

Kutibu. Deki za kawaida haziwezi. Inabidi kompyuta iunganishwe kwenye TV kwa HDMI:

1. Fungua VLC, nenda Tools, kisha Preferences. Chini kushoto, kwenye Show settings, chagua All.
2. Bonyeza Input / Codecs. Tafuta Playback speed, andika 0.96. Namba hii ni 24 kugawa kwa 25, si ya kukadiria. Vitufe vya kupunguza kasi wakati filamu inacheza huruka hatua kubwa mno, havitakufikisha hapo.
3. Nenda Audio. Ondoa tiki kwenye Enable time stretching audio. Tiki ikibaki, VLC itapunguza mwendo lakini italinda kimo cha sauti, yaani itauhifadhi ule ubovu unaotaka kuuondoa.
4. Save, funga VLC kabisa, uifungue tena, kisha weka diski.

Umefaulu ikiwa: kodi ya filamu na ya rekodi zinakaa juu ya nyingine, na sauti za waimbaji zimezama kidogo, zimepata kifua.

Kuna DVD chache za PAL ambazo watayarishaji walishusha kimo cha sauti kabla ya kuchapa. Hizo mwendo ni wa haraka lakini kii ni sahihi. Kwa hizo weka 0.96 vilevile, ila tiki ya hatua ya 3 ibaki. Ndiyo sababu tulipima kwa sikio na kwa saa pia.

Ukimaliza, rudisha 1.00. Usiporudisha, kesho taarifa ya habari itasomwa na mtangazaji mwenye usingizi, na utadhani kompyuta imeingia kirusi.

## Hatua ya 7: Sauti

Nyingi ya filamu hizi zilitoka na sauti ya mono, yaani njia moja. Blu-ray na DVD za baadaye mara nyingi huweka chaguo mbili za sauti: mono ya asili, na 5.1 (ya spika tano na sabufa) iliyotengenezwa upya. Chagua mono kwenye menyu ya diski. Katika 5.1 za kutengenezwa, sauti ya mwimbaji mara nyingi huogeshwa mwangwi na bendi ikasambazwa pembeni, ikapoteza ule msukumo wa kutoka sehemu moja kwa pamoja. Filamu za CinemaScope za 20th Century Fox ni habari nyingine. Mfumo huo ulikuja na sauti ya sumaku ya njia 4, kwa hiyo stirio kwenye The Girl Can't Help It haikubuniwa juzi.

Baada ya kuchagua:

- Hakuna sauti kabisa, picha ipo. TV nyingi hazijui DTS, aina mojawapo ya sauti ya kidijitali. Kwenye deki, badilisha Digital Output kutoka Bitstream kwenda PCM.
- Sauti inatoka spika ya katikati tu. Ndivyo mono ya 1.0 inavyotakiwa kuwa kwenye mfumo wa spika tano. Usipopenda, weka ampu kwenye Stereo, itagawanywa kushoto na kulia sawa kwa sawa.
- Sauti upande mmoja, unatumia nyaya za AV. Waya mweupe au mwekundu umelegea.
- Sabufa inanguruma juu ya wimbo. Rekodi za wakati ule hazikuwa na besi nzito. Shusha sabufa mpaka usitambue kama imewashwa, kisha ongeza kidogo. Besi ya kusimama isikike noti kwa noti.

Zima Surround, Virtual, Clear Voice na Night Mode kwenye TV na kwenye deki. Hiyo Night Mode hushusha makofi ya kelele na kupandisha minong'ono, na matokeo yake ni ngoma zinazopumua kama mgonjwa.

Midomo isipolingana na sauti, usikimbilie kurekebisha ukiwa kwenye wimbo. Waimbaji katika filamu hizi kwa kawaida waliigiza juu ya rekodi iliyokwisha kufanywa, na wengine hawakuwa hodari wa kuigiza. Tafuta sehemu ya mazungumzo, au mlango unaofungwa kwa kishindo. Hapo pakilingana, TV yako ni nzima na kosa ni la mwaka 1956. Pasipolingana, tumia Audio Delay au AV Sync, milisekunde 20 kwa mara moja, mpaka kishindo na mlango vikutane.

## Hatua ya 8: Zima ulainishaji wa mwendo

Samsung: Auto Motion Plus. LG: TruMotion. Sony: Motionflow. Zima. TV hubuni fremu za katikati ambazo hazikupigwa, na mikono ya mpiga ngoma huacha vivuli. Kisha chagua hali ya picha ya Cinema au Movie, na ushushe Sharpness karibu na sifuri. Chembechembe zinazobaki kwenye picha ni za filamu yenyewe, si uchafu.

## Ikigoma katikati

Diski ikikwama palepale kila mara, ifute kwa kitambaa laini kutoka kitovu kwenda ukingo, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huziba data nyingi mfululizo kuliko unaoukata.

Ikikwama sehemu tofauti kila mara, tatizo ni lenzi ya deki, hasa pwani ambako chumvi na vumbi havina likizo. Jaribu diski nyingine mbili kabla ya kuilaumu hii.

Upande wa chini ukiwa wa zambarau au kijani badala ya fedha, imechomwa kwenye kompyuta, haikuchapwa kiwandani. Iweke mbali na jua na usiiache ndani ya gari, kwa kuwa rangi inayobeba data hufifia kwa joto na mwanga.

Na picha ikisita nusu sekunde mara moja tu, mahali fulani karibu na katikati ya filamu, kisha ikaendelea, usifungue deki wala usirudishe diski dukani. Ni diski ya tabaka mbili, na lenzi inahama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili.